Familia Safarini Milimani kwa Miguu: Swala, Twahara na Ruhusa za Msafiri

Shukrani zote anazistahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, Sahaba zake na kila anayefuata mwendo wao hadi Siku ya Mwisho. Ama baada ya hayo:

Miongoni mwa mambo yanayoulizwa na ndugu zetu Waislamu waishio Marekani ni hukumu ya familia inayotoka kwa miguu, baba, mama na watoto, kila mmoja na shanta lake mgongoni, wakafuata njia ya milimani kwa siku nyingi huku wakilala katika mahema. Je, hawa ni wasafiri kisheria? Wapunguze swala? Wakikosa maji wafanyeje? Buti zao zinafaa kupakwa maji badala ya kuosha miguu? Katika makala hii tutajaribu kuyaeleza hayo kwa mujibu wa madhehebu ya Imam Shafi'i (R.A.), ambayo ndiyo yaliyoenea katika pwani yetu, na tutataja kauli za maimamu wengine pale panapohitajika.

Njia mashuhuri kuliko zote huko ni ile iitwayo Appalachian Trail. Inaanzia mlima Springer katika jimbo la Georgia na kuishia mlima Katahdin katika jimbo la Maine, ikipita majimbo 14 kwa urefu unaozidi kilomita 3,500. Wazo lake lilitolewa na Benton MacKaye mwaka 1921, na njia ikaunganishwa yote mwaka 1937. Familia nyingi huchagua kipande tu. Sisi tutachukua mfano wa kipande kinachopita katika Hifadhi ya Shenandoah, jimbo la Virginia, chenye urefu wa kiasi cha kilomita 163, kutoka upande wa mji wa Front Royal hadi Rockfish Gap karibu na mji wa Waynesboro. Familia yenye watoto ikienda kilomita 13 au 14 kwa siku, itakimaliza kwa siku 12.

Ndugu msomaji, jambo hili si dogo. Siku 12 zina swala 36 za rakaa nne nne. Mwenye kuzipunguza bila kuwa na ruhusa, anadaiwa zote 36. Na mwenye kukataa ruhusa aliyopewa na Mola wake, akawalazimisha watoto waliochoka mambo ambayo sheria haikuwalazimisha, huenda akawafanya waichukie ibada. Kote kuwili kunataka elimu.

ASILI YA RUHUSA

Asili ya kupunguza swala ni aya ya 101 ya Suratun-Nisaa, ambamo Allah (S.W.) ameondoa ubaya kwa wanaosafiri katika ardhi kufupisha swala wanapohofia fitina ya makafiri. Ya'la bin Umayya (R.A.) alimwuliza Umar bin Khattab (R.A.) vipi watu wanaendelea kupunguza ilhali khofu imekwisha. Umar akamjibu kuwa naye alistaajabu kama yeye, akamwuliza Mtume (S.A.W.), naye akamweleza kuwa hiyo ni sadaka ya Allah kwa waja Wake, basi waipokee. Hadithi hii ameipokea Imam Muslim. Kwa hiyo ruhusa inafungamana na safari, si na khofu wala taabu. Aliyelala katika ndege na aliyebeba mzigo mgongoni wote ni sawa, maadamu masharti yametimia.

UMBALI WA SAFARI

Sharti la kwanza ni umbali. Kwa Imam Shafi'i, Malik na Ahmad, safari ndefu ni ya marhala mbili, yaani burudi nne. Buridi moja ni farsakh nne, na farsakh moja ni maili tatu za zamani, hivyo jumla ni farsakh 16 au maili 48. Wanazuoni wa zama hizi wameyakadiria haya kuwa kati ya kilomita 80 na 90. Imepokewa kutoka kwa Ibn Umar na Ibn Abbas (R.A.) kwamba walikuwa wakipunguza na kufungua katika burudi nne.

Maneno haya yalizaliwa barabarani. Marhala ni mwendo wa siku moja wa ngamia aliyebeba mzigo, na vituo vya misafara vilijengwa kwa kuzingatia mwendo huo. Mfano mkubwa ni njia ya mahujaji kutoka Kufa hadi Makka, ambayo watu waliiita Darb Zubayda kwa ajili ya Bibi Zubayda, mke wa Khalifa Harun ar-Rashid, aliyefariki mwaka 216 Hijria (831). Njia hiyo ilikuwa na urefu wa zaidi ya kilomita 1,400, na Bibi Zubayda alitumia mali yake kuchimba visima na mabirika ili mahujaji wapate maji. Anayetembea leo milimani kutoka chemchemi hadi chemchemi anaelewa kwa miguu yake kile ambacho mafakihi walikiandika.

Imam Abu Hanifa (R.A.) yeye alikadiria kwa mwendo wa siku tatu, wa miguu au wa ngamia, na wanazuoni wa madhehebu yake wakasema kuwa milimani huangaliwa mwendo unaolingana na milima, si mwendo wa tambarare.

Kipande chetu cha kilomita 163 kimepita mipaka yote hiyo. Lakini yapo mambo mawili ya kuzingatia. La kwanza, umbali huhesabiwa kwenda tu, wala hauchanganywi na kurudi. Mwenye kwenda kilomita 45 kisha akarudi kilomita 45 hajafika marhala mbili, ingawa miguu yake imetembea kilomita 90. Vivyo hivyo anayezunguka mlima na kurudi alikoanzia, kwake huangaliwa mahali pa mbali alipokusudia. La pili, mafakihi wamesema mtu akiwa na njia mbili, fupi isiyofika marhala mbili na ndefu inayofika, akashika ndefu ili apunguze swala tu, hapunguzi katika kauli yenye nguvu. Hapa hapana tatizo, kwa sababu hata barabara ya magari iliyopo bondeni kati ya miji hiyo inazidi marhala mbili.

Na anayetoka mji wa mbali, kwa mfano Washington, amekwishatembea kilomita zaidi ya 100 kwa gari kabla ya kufika mwanzo wa njia. Huyo ni msafiri tangu alipovuka majengo ya mji wake, hata akikusudia kutembea milimani kwa siku mbili tu. Tofauti ni kwa mkazi wa Front Royal anayetembea kilomita 40 na kurudi: huyo anatimiza swala zake.

LENGO LA SAFARI

Hapa ndipo penye uzito. Wanazuoni wa Kishafi'i wameshurutisha safari iwe ya halali na iwe na lengo sahihi, kama biashara, kuzuru jamaa, elimu au hija. Wakasema kwamba mwenye kutoka kwa ajili ya kuona miji tu, bila haja nyingine, hapunguzi. Wakaeleza pia kwamba matembezi ya kuburudika yanakubaliwa kuwa sababu ya kuchagua njia ndefu kwa mtu ambaye asili ya safari yake ina lengo jingine, lakini yakiwa yenyewe ndiyo yaliyomtoa nyumbani, hukumu yake ni kama ya kuona miji.

Katika madhehebu ya Imam Ahmad zimepokewa riwaya mbili kuhusu safari ya matembezi, na moja yake inaruhusu kupunguza kwa kuwa safari hiyo ni ya halali. Imam Malik alichukia kupunguza kwa anayetoka kuwinda kwa mchezo. Imam Abu Hanifa hakuangalia lengo kabisa. Kwake kila msafiri anapunguza.

Je, familia yetu iko wapi? Tunaona kwamba jibu limo katika nia ya wenye safari wenyewe. Wapo wanaotembea kwa ushauri wa tabibu, kwa ajili ya moyo, sukari au uzito wa mwili. Wapo wazazi wanaokusudia kuwatoa watoto wao kwenye vioo vya simu, wawazoeze subira, wawasomeshe swala na adhkari, na wawaonyeshe ishara za Allah, kwani Qur'ani katika aya ya 20 ya Suratul-Ankabut imeamrisha kwenda katika ardhi na kutazama jinsi Allah alivyoanzisha uumbaji. Haya ni malengo sahihi, na mwenye nayo anapunguza bila shaka. Ama ambaye hana ila kutaka kusema kuwa amefika, basi salama yake kwa madhehebu yetu ni kutimiza swala, kila moja kwa wakati wake. Kutimiza kunasihi kwa msafiri katika madhehebu yetu, na kwake yeye ndiko kunakotoa katika shaka. Na ajue kwamba ruhusa zote za safari ndefu zinakwenda pamoja: kupunguza, kukusanya, na kupaka khofu kwa siku tatu.

KUJUA MWISHO WA SAFARI

Msafiri lazima akusudie mahali maalumu tangu mwanzo. Anayetangatanga asijue anakokwenda hapunguzi. Hivyo familia inayosema itatembea hadi ichoke, kisha itarudi, haina ruhusa mpaka iazimie mahali palipo umbali wa marhala mbili.

Na hapa wengi husahau. Minhaj ya Imam Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria, sawa na 1277) imetaja kwamba mke anayemfuata mumewe, naye hajui anakokwenda, hapunguzi. Kwa hiyo baba asiwe na ramani peke yake. Awakalishe mkewe na watoto kabla ya kutoka, awaambie wanaanzia wapi, wanaishia wapi na ni kilomita ngapi. Hilo ni adabu njema, na pia ni sharti la kusihi swala zao za kupunguza.

Ruhusa huanza baada ya kuvuka majengo ya mji na hukoma kwa kurudi nyumbani, au kwa kunuia kukaa mahali siku nne kamili, bila kuhesabu siku ya kufika na ya kuondoka. Imam Abu Hanifa amesema siku 15. Kupumzika siku moja au mbili katika mji ulio karibu na njia hakukati safari.

KUKUSANYA SWALA

Msafiri anaruhusiwa kukusanya adhuhuri na alasiri, na magharibi na isha. Akiitanguliza ya pili, masharti yake ni manne: aanze na ya kwanza, anuie kukusanya ndani yake, asitenganishe baina ya mbili kwa muda mrefu, na safari iendelee mpaka aingie katika ya pili. Akichelewesha, anuie hivyo kabla wakati wa ya kwanza haujatoka. Ambaye amefika kambini na ana nafasi, bora kwake aswali kila swala kwa wakati wake, kwa sababu Mahanafi hawaoni kukusanya isipokuwa Arafa na Muzdalifa. Ama kupunguza, ni bora kuliko kutimiza pale safari inapofika marhala tatu, kama hii yetu.

Anayeswali nyuma ya imamu anayetimiza, naye atimize. Swala ya Ijumaa si wajibu kwa msafiri, ataswali adhuhuri. Lakini asianze safari baada ya alfajiri ya Ijumaa akajikosesha Ijumaa bila udhuru. Aanze Alkhamisi au Jumamosi.

MAJI NA TAYAMMAMU

Milima ya Appalachia ina mvua na chemchemi nyingi, na ramani za njia zinaonyesha maji yalipo. Maji ya chemchemi yaliyobadilika rangi kwa majani yaliyoanguka yenyewe ni twahara na yanatwaharisha, kwa sababu ni vigumu kuyaepuka. Vijidudu vinavyomfanya mtembezi achuje maji ya kunywa ni jambo la afya, havinajisi maji. Hivyo hakuna haja ya kuchuja maji ya udhu. Na maji kidogo yanatosha: Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, ambayo haifiki lita moja.

Maji yakikosekana, wajibu ni kuyatafuta baada ya wakati kuingia. Akiwa na yakini kuwa yapo karibu, kiasi cha nusu farsakh, yaani kilomita 2 na nusu hivi, atakwenda maadamu nafsi yake na mali yake viko salama na wakati unamtosha. Akiwa na yakini ya kuyafikia mbele kabla ya mwisho wa wakati, bora asubiri. Na akiwa na maji yanayotosha kunywa tu yeye na watoto wake, asiyatawadhie, atayammamu. Kuhifadhi roho kumetangulia.

Tayammamu kwetu Mashafi'i ni kwa udongo safi wenye vumbi. Mahanafi na Wamaliki wanakubali jiwe na kila kilicho katika jinsi ya ardhi. Katika msitu uliolowa, wenye majani yaliyooza na miamba, vumbi ni tabu kulipata. Basi mwenye kufuata madhehebu yetu achukue kifuko kidogo cha udongo mkavu katika shanta lake. Kila swala ya faradhi ina tayammamu yake, baada ya kuingia wakati. Anayekusanya mbili atatayammamu mara mbili. Na akitayammamu mahali ambapo kwa kawaida maji hupatikana, ataswali kisha atairudia swala hiyo apatapo maji.

Kuhusu baridi, tunacho kisa cha Amr bin al-As (R.A.) katika vita vya Dhatus-Salasil, mwaka wa 8 Hijria. Alipatwa na janaba usiku wa baridi kali, akaogopa kuangamia akioga, akatayammamu na kuwaswalisha wenzake. Alipoulizwa na Mtume (S.A.W.) akatoa hoja ya aya inayokataza watu kujiua, naye Mtume akacheka na hakumlaumu. Ameipokea Abu Daud. Hata hivyo, anayeweza kuchemsha maji kwa jiko lake dogo hana udhuru huo. Na kwa kauli iliyo dhahiri katika madhehebu yetu, aliyetayammamu kwa ajili ya baridi atarudia swala.

BUTI NA KUPAKA KHOFU

Msafiri hupaka juu ya khofu siku tatu na usiku wake, na muda huhesabiwa tangu hadathi ya kwanza baada ya kuvaa. Buti za milimani zinafaa zikitimiza masharti: zivaliwe juu ya twahara kamili, zifunike vifundo vya miguu, ziwe madhubuti kwa kutembelea, zizuie maji kupenya, na ziwe twahara. Buti za kamba zinafaa zikifungwa mguu usionekane. Viatu vifupi vilivyo chini ya kifundo havifai. Aangalie pia bitana, kwani baadhi ya viatu hutiwa ngozi ya nguruwe, nayo haitwahariki kwa kudabighiwa.

Mtu akivua buti kambini, kupaka kumebatilika. Mpango mwepesi ni huu: alfajiri atawadhe udhu kamili na kuosha miguu, avae buti akiwa na udhu huo, kisha apake mchana kutwa. Jioni akivua, aoshe miguu yake. Humo mna twahara na mna afya ya miguu pia.

QIBLA NA NYAKATI

Qibla ya Virginia ni kaskazini mashariki, kiasi cha nyuzi 56 au 57 kutoka kaskazini halisi. Lakini sindano ya dira hufuata kaskazini ya sumaku, ambayo huko imeelekea magharibi kwa kiasi cha nyuzi 10, kwa hiyo katika dira isiyorekebishwa atasoma kama nyuzi 66. Elimu hii si ngeni kwetu. Al-Biruni, katika karne ya 11 Miladi, aliandika kitabu kizima cha kupima mahali pa miji ili kujua Qibla ya Ghazna.

Aliyeko bondeni asidhani kuwa jua kujificha nyuma ya mlima ni magharibi. Jua huko huenda bado halijazama. Atazame upande wa mashariki, giza linapopanda ndipo wakati umeingia, au afuate ratiba ya eneo hilo.

FAMILIA KAMBINI

Mtume (S.A.W.) ameamrisha watu watatu wakisafiri wamfanye mmoja wao amiri. Amiri wa familia aende kwa mwendo wa mdogo wao na agawe mizigo kwa uwezo. Watoto wa miaka saba waamrishwe swala safarini kama nyumbani, na baba aswalishe jamaa.

Kandokando ya njia hiyo kuna vibanda vya kulala vyenye kuta tatu, upande mmoja wazi, ambamo wageni wanaume kwa wanawake hulala pamoja. Muislamu asimlaze mkewe na binti zake humo. Achukue mahema, na apate kibali cha hifadhi kwa kambi za mahema. Chakula kisiwekwe hemani kwa sababu ya dubu.

Katika kujisaidia, Mtume (S.A.W.) ametahadharisha na mambo matatu yanayoleta laana: kujisaidia penye maji, katikati ya njia na kivulini. Watunzaji wa milima hiyo nao huagiza kuchimba shimo la sentimita 15 hadi 20, mbali na maji kwa mita 60. Muislamu ndiye anayestahiki zaidi kuyatekeleza haya.

MFANO WA KILIMANJARO

Wasomaji wetu wa Afrika Mashariki watauliza juu ya mlima wao, wenye urefu wa mita 5,895. Kutoka lango la Marangu hadi kilele cha Uhuru ni kiasi cha kilomita 35. Kwa hiyo mkazi wa Marangu anayepanda na kushuka kwa siku tano au sita anatimiza swala zake zote kwa madhehebu yetu, kwa sababu kwenda kwake hakufiki marhala mbili. Lakini aliyetoka Dar es Salaam au Mombasa kwa lengo sahihi ni msafiri, hata akiwa kwenye kambi moja na mkazi huyo. Wakiswali pamoja, mgeni aswalishe kwa rakaa mbili na mwenyeji akamilishe nne zake, au mwenyeji aswalishe na mgeni atimize nyuma yake.

Kwa muhtasari, kabla ya kufunga shanta, baba na mama wajiulize mambo manne: tunakwenda umbali gani kwa kwenda tu, kwa lengo gani, familia yote inaujua mwisho wa safari, na tuna maji na vumbi vya twahara? Wakipata majibu, waende kwa baraka za Allah. Tunawaomba maimamu wa misikiti walifundishe jambo hili kabla ya likizo, kwani wengi huuliza baada ya kurudi, wakati deni limekwisha kuwafunga.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.